Pineu pana si nguvu

Ninyi munaopanda nyuma ya motokari saa kumi na moja ya asubuhi ili mufike karyeri mbele jua haijawaka: leo sitasema juu ya bei ya kobalti. Hiyo inasemwa kila siku na watu wenye kuijua kunipita. Ninataka kusema juu ya pineu.

Ninajua, wengine watageuza ukurasa. Wafanye vile. Lakini mama mwenye bwana anayetoka giza na kurudi giza, huyu asome mupaka mwisho.

Tangu miaka fulani, kwetu hapa Lualaba na Haut-Katanga, kijana akipata makuta ya karyeri na kununua Land Cruiser ya okazyo, kazi yake ya kwanza si kuangalia freni. Si kubadilisha mafuta pia. Kazi ya kwanza ni kutoa pineu zile motokari ilizaliwa nazo, na kutia pineu pana za meno makubwa, zinazotokea inje ya bati sawa vile mashavu ya mutu anayepuliza moto. Kisha anapita polepole mbele ya nganda, dirisha chini, muziki juu. Makuta ni yake, kiburi ni chake, mimi sina neno. Neno ninalo kwa sababu kesho asubuhi ile motokari njo inabeba watu kumi na mbili na mifuko ya mawe, na wale kumi na mbili hakuna mutu aliyewauliza.

Mimi nilikuwa shofere wa mine miaka mingi, kisha nikashika garaji kadogo na rafiki mumoja mupaka mugongo ulipokataa. Nilifikiri ninajua motokari. Lakini hii habari ya pineu, mutoto wa yaya yangu njo alinifundisha, na alinifundisha kwa uchungu.

Alichimba miaka mitano. Yeye na wenzake watatu waliweka makuta pamoja, wakanunua pikapu Land Cruiser, ile ya injini 1HZ, silinda sita za mazutu, ambayo mekanisye wa kwetu anaifungua na macho yamefungwa. Ilikuwa na pineu zake za 7.50R16. Nyembamba, sura yake si ya kupigia picha, ninakubali. Alipokuja kunisalimia nilizunguka motokari, nikainama, nikaangalia chini, nikamuambia: hapa mulinunua muzuri. Wiki mbili nyuma alirudi tena, na sikuitambua.

— Papa mudogo, unaona? Sasa njo motokari.

— Na zile pineu zingine ziko wapi?

— Tuliuzisha. Tutaenda wapi na bile bipineu bidogo? Batu banatuseka mu barabara. Motokari ya mukubwa inaomba biatu ya mukubwa!

Nilisoma maandiko pembeni ya pineu: 315/75R16. Zilikuwa za okazyo, zimekwisha kula barabara za watu wengine, na janti zilitoka kwa motokari nyingine. Nilimuuliza nani alizitia. Akataja garaji moja, jina lake sitaliandika hapa. Huko walimuambia: "Hakuna matatizo, inaingia." Na kweli iliingia. Sikusema neno kali siku ile, kijana alikuwa na furaha mingi, na mke wangu alikuwa amemuletea bukari. Ule ukimya wangu, mupaka leo haunipendezi.

Ilikuwa mwezi wa kumi na moja, mvua za kwanza. Walikuwa wanarudi kutoka karyeri, watu kumi na mbili nyuma na mifuko chini ya miguu yao. Fasi moja barabara inashuka kwenye mutoni mudogo. Shofere alikata volani mupaka mwisho ili aepuke shimo, kisha akarudisha, akakanyaga freni. Pedali ikashuka. Akakanyaga tena, nyuma ikashika kidogo tu, mbele hakuna kitu. Mungu alisaidia, pembeni ya barabara palikuwa kichuguu, kile kikubwa cha kwetu, kirefu kupita nyumba, na kijana alikuwa na akili ya kuipiga motokari pale kuliko kuiacha iende mu maji. Hakuna aliyekufa. Mumoja alivunjika paja. Miezi minne bila kazi, na bibi yake akauzisha makala kwa kilo mu kona ya barabara ili watoto wale.

Tulipotoa gurudumu la mbele nikaona kila kitu. Upande wa ndani wa pineu ulikuwa unasuguana na fleksibile, ule mupira unaopeleka mafuta ya freni kwenye gurudumu. Kila mara shofere alipokata volani mupaka mwisho, pineu ilipita juu yake. Wiki kwa wiki, kidogo kidogo, sawa vile mutu ananoa kisu. Siku ile ilipasuka. Na hakuna mutu aliyesikia harufu wala kelele, kwa sababu muziki ulikuwa juu.

Hiyo njo tofauti ya kuingia na kufaa. Mukifunga pineu pana, msiishie kuona motokari ikisimama pale mu kiwanja. Kateni volani mupaka mwisho, kuliya, kisha kushoto. Muangalie ndani na taa: pineu iko mbali namna gani na fleksibile, na chuma kinachoshika ekseli, na bati? Kisha mujaze mifuko nyuma, muirudie tena, kwa sababu motokari tupu na motokari yenye kubeba si motokari moja. Resori zikishuka, bati inakutana na pineu. Mutu atasema: basi tutatia vyuma kati ya janti na kitovu cha gurudumu, ili pineu iende inje, isisuguane. Ndiyo, wengi wanafanya vile. Lakini uzito wote sasa unaning'inia mbali na rulema, na rulema ile ilifanywa kwa kubeba uzito karibu yake. Itakufa mbio. Na buloni zinazoshika kile chuma zinabeba kazi ambayo hakuna mutu aliyezipimia. Volani pia inaanza kuvuta: shimo moja upande wa kushoto, na mukono wako unapigwa sawa vile umenyang'anywa kitu. Shofere mwenye kuzoea Land Cruiser anajua pia ile tetemeko la mbele, kwenye 70 au 80, ambalo linatikisa motokari nzima. Mara mingi linaanzia pale, kwa gurudumu zito na rotula zilizochoka.

Sasa nifike kwa freni yenyewe, kwa maana hata kama fleksibile iko salama, freni haiko ile ile tena.

Kila mutu aliyeshika baramini anaelewa hii bila shule. Ukitaka kutoa jiwe, unashika baramini mbali, kwenye mwisho. Ukishika karibu, jiwe inakuseka. Basi gurudumu nalo ni baramini. Barabara inashika kwenye mwisho, pale pineu inagusa udongo. Freni inashika katikati, karibu na kitovu. Ile 7.50R16 iko na urefu wa karibu sentimita 80 kutoka chini mupaka juu. Ile 315/75R16 iko karibu 88. Umeipatia barabara baramini ya murefu zaidi, lakini mukono wa freni umebaki ule ule. Ukikanyaga kwa nguvu ile ile, freni inakamata barabara kwa nguvu yenye kupunguka karibu 9 kwa mia. Na gurudumu lenyewe limekuwa zito, kulisimamisha ni kazi zaidi. Ongeza mifuko. Ongeza watu. Ongeza mutelemuko na matope.

Tena kompteri inakudanganya. Inahesabu mizunguko ya gurudumu, haijui kama gurudumu limekuwa kubwa. Shofere anaona 80, anasema ninaenda polepole, kumbe yuko 87 au 88. Hiyo ni siku zote mbili pamoja: anaenda mbio zaidi kuliko anavyojua, na anasimama mbaya zaidi kuliko anavyofikiri. Hata mafuta ya injini: ukibadilisha kila 5000 ya kompteri, motokari imekwisha kutembea karibu 5500. Halafu tunasema injini za siku hizi hazidumu.

Lakini kosa ambalo linaniuma zaidi, kwa sababu ni letu sisi watu wa kubeba mizigo, ni hili: kufikiri pineu pana inabeba zaidi. Kijana wangu alinijibu vile vile. "Papa mudogo, angalia ginsi iko mukubwa, itabeba mingi." Hapana. Upana haubebi. Kinachobeba ni namna pineu ilivyofumwa ndani, na presyo unayotia. Na hiyo imeandikwa pembeni, mbele ya macho yetu, hatuisomi tu.

Nyuma ya vipimo munaona namba moja na herufi. Ile namba ni ya uzito. 112 maana yake pineu moja inabeba kilo 1120. 116 ni kilo 1250. 120 ni kilo 1400, na 123 ni kilo 1550. Haiko siri, ni namba zile zile kwa kila kampuni inayofanya pineu. Sasa tufanye hesabu ya muchoro wa chini. Tuseme nyuma ya pikapu, pamoja na chuma chake, mifuko na watu, inafika tani mbili na nusu. Pineu mbili zinagawana: kilo 1250 kila moja. Pineu nyembamba ya kazi, yenye 121 juu yake, inabeba 1450, inabaki na pumuzi. Pineu pana ya sura ya muzuri, iliyofanywa kwa jipu ya kubeba bibi na watoto kwenda misa, yenye 112, imekwisha kupita uwezo wake kilo 130, na hatujafika hata kwenye shimo la kwanza. Na ile namba inakubali tu kama presyo imejaa. Shofere anayepunguza hewa ili motokari isipige mingi, amepunguza uzito pia.

Inafanya nini? Haipasuki pale pale. Inapata moto. Pembeni inakunjuka na kukunjuka, waya na nyuzi za ndani zinaachana polepole, na siku moja ya jua kali, kati ya Fungurume na Likasi, inatoka kipande kizima. Nyuma kuna watu wamekaa juu ya mifuko, hakuna cha kushika.

Janti pia ina neno lake. Janti ya 7.50 iko na upana wa inchi 5 na nusu au 6. Pineu ya 315 inaomba inchi 8 kwa uchache. Kuna mafundi wanailazimisha kwenye janti nyembamba. Inasimama, lakini imevimba katikati na kubanwa miguu, na ukikata kona inayumba juu ya janti sawa mutu aliyekunywa. Na mukibadilisha janti za chuma kwa za aluminiamu, angalieni ekuru: si kila ekuru inakaa kwenye kila janti. Ekuru isiyofaa inafunga leo, kesho inalegea, na gurudumu linaondoka peke yake kukutangulia.

Sitaki kuwa mutu wa upande mumoja. Pineu pana ina fasi yake. Mutu anayefanya kazi kwenye muchanga, kule juu ya Biano, ataniambia pineu nyembamba inajichimbia kaburi, na atakuwa na haki. Juu ya muchanga, pana inaelea. Lakini karyeri zetu nyingi hazina shida ya muchanga. Shida yetu, kuanzia mwezi wa kumi na moja mupaka wa ine, ni udongo mwekundu wenye maji: juu ni sabuni, chini kuna kitu kigumu. Pineu nyembamba yenye meno inakata ile sabuni, inafika chini, inashika. Pana inabaki juu, inateleza, motokari inaenda upande wake, na shofere anazungusha volani sawa mutoto anayecheza. Na kwenye lami yenye maji mingi ni vile vile, pana inapanda juu ya maji mbele ya nyembamba. Wazungu waliotuletea Land Cruiser na pineu za 7.50 hawakukosa makuta ya kununua pana. Na Wajapani waliofanya ile motokari walijua inaenda wapi.

Nyembamba nayo si malaika, tusidanganyane. Zile janti zake zenye pete ya chuma zimeumiza vijana wengi wa pineu pembeni ya barabara. Pete ikikaa vibaya, ukitia hewa, inaruka sawa baruti. Usiiname juu yake, usiache mutoto asimame mbele yake. Hii niliiona na macho yangu na siitaki kuieleza.

Wengine wataniuliza: juu ya nini basi motokari za kampuni kubwa ziko na pineu pana? Mara ingine ziko nazo, ndiyo. Lakini angalieni muzuri: zile nne zote ni mamoja na ya akiba, janti ni yake, namba ya uzito ilichaguliwa, freni inaangaliwa kila siku zilizopangwa, na shofere akipita mwendo kuna mashini inamushitaki. Wewe unachukua pineu tu, yale mengine unayaacha.

Na ninyi munaofanya kazi ndani ya mine munajua zaidi yangu. Muangalie ile dumper kubwa, ambayo pineu yake moja inapita mutu urefu mara mbili. Kuna mutu anafikiri inavaa pineu kubwa kwa kiburi? Kule kuna hesabu inayoitwa TKPH: tani, mara kilomita kwa saa. Kila pineu ya dumper iko na kiasi chake cha moto. Ukibeba zaidi, lazima uende polepole; ukienda mbio, lazima ubebe kidogo; barabara ikiwa ndefu, hesabu inafanywa upya. Mutu anakaa ofisini anapiga ile hesabu, na dumper ikipita kiasi inasimamishwa, hata kama shefu wa produksyo analia. Kampuni yenye mamilioni ya dola inahesabu pineu. Sisi wenye makuta ya jasho, tuliokusanya miaka mitano chini ya udongo, tunasema "inaingia."

Na makuta yenyewe, tuhesabu basi. Kijana wangu na wenzake waliuzisha zile 7.50 kwa bei ya kutupa. Wakanunua pana kwa bei ya juu, za okazyo. Mutu alisoma hata tarehe? Pembeni ya kila pineu, nyuma ya herufi DOT, kuna namba nne za mwisho: mbili za wiki, mbili za mwaka. 2317 maana yake ilifanywa wiki ya 23 ya mwaka 2017. Za kwao zilikuwa zimepita miaka kumi. Meno yalikuwa bado marefu, lakini mupira umekauka na kupasuka-pasuka kati ya meno. Mupira unazeeka hata ukikaa kivulini. Kisha mazutu: pineu pana na nzito inavuta, na injini ya 1HZ si ya nguvu ya kushindana, kwenye mulima unashuka vitesi mbili. Kisha rulema, kisha rotula, kisha bati iliyokatwa na mashini ili pineu ipite. Pineu ya akiba? Ilibaki ile nyembamba ya zamani, ilifungwa nyuma sawa kumbukumbu. Siku moja pana ikipasuka, unatia nyembamba pembeni ya pana, gurudumu moja linazunguka zaidi ya lingine, diferansyeli inafanya kazi bila kupumuzika. Na ukishika 4x4 kwenye barabara ngumu, mbele na nyuma vinapigana mupaka kitu kivunjike. Haya yote makuta yanatoka wapi? Yanatoka kwenye minervali ya watoto. Wamama wanajua.

Mutu akitaka kabisa kubadilisha, kwa sababu 7.50 zimekuwa ngumu kupata au kwa sababu anapenda, njia iko. 265/75R16 iko na urefu karibu sawa na ya kwake, sentimita 80, kwa hiyo kompteri na freni havichafuki. Atafute janti ya inchi 7, inayoacha pineu fasi yake, na aombe ile yenye 120 au zaidi ya uzito. Zote tano, si nne. Motokari itakuwa na sura, na watu watarudi nyumbani. Lakini hiyo 315 kwenye pikapu ya kubeba watu wa karyeri, mimi ninasema hapana, na sitabadilisha neno.

Ninarudi kwa wale kumi na mbili. Kwa sheria ya mine ya 2018, muchimbaji wa mukono anapaswa kuwa ndani ya koperative. Muzuri. Koperative zinakata makuta, zinagawanya karte, zinapanga mikutano. Basi zikate pia neno moja juu ya motokari inayobeba watu wao: pineu zote za kipimo kimoja pamoja na ya akiba, namba ya uzito inajulikana na imeandikwa kwenye kadaftari, na hakuna pineu inayosuguana volani ikikatwa mupaka mwisho. Hakuna haja ya mashini. Ni macho, taa, na mutu mumoja mwenye kujua kusoma namba. Inaomba dakika kumi. Patro asipotaka, basi watu wasipande. Ninajua ni rahisi kuandika, na asubuhi yenye baridi, motokari moja tu iko, na kama hupandi unapoteza siku. Niliipanda mimi pia ile motokari. Ndiyo sababu ninaiomba kwa koperative, siiombi kwa mutu peke yake, kwa sababu mutu mumoja akikataa anaachwa pembeni, lakini kumi na mbili wakikataa, shofere anazima injini.

Na ninyi vijana wa garaji, ninyi nawaheshimu, mimi ni wenu. Mutu akileta pineu pana na feza mukononi, ni ngumu kusema hapana. Atavuka barabara kwenda kwa jirani. Lakini mumuulize paka neno moja: hii motokari inabeba nini? Akisema inabeba yeye na muziki wake, mutie. Akisema watu, mutoe gurudumu la mbele, mumuonyeshe fleksibile kwa kidole, akate volani mwenyewe aone. Kijana wangu angeionyeshwa siku ile, hangetia. Ninamujua. Si mujinga, alikuwa na furaha tu.

Pikapu ilitengenezwa. Ilichukua miezi mitatu na deni moja ambalo bado wanalilipa. Walitafuta 7.50 tano, wakazipata moja moja, na kila moja waliinunua zaidi ya bei waliyouzishia zote za zamani. Zile pana ziko kwa yaya yangu mu kiwanja: mbili wamezizika nusu pembeni ya mulango, moja bibi ya yaya amejaza udongo na kupanda lengalenga ndani, ya ine watoto wanaisukuma. Yule aliyevunjika paja amerudi karyeri, lakini hashuki tena shimoni; anapima mifuko. Asubuhi, mbele ya kupanda motokari, yeye njo anainama na taa kuangalia ndani ya magurudumu ya mbele. Wenzake wanamuseka, wanamuita "kontrole tekiniki". Lakini wanamungojea mupaka amalize.